Mwizi wa Sabuni Hakuwa Binti

Ndugu msomaji, katika maisha yangu nimepata kumshitaki mtu mmoja tu kwa wizi, naye alikuwa binti wa kaka yangu wa tumbo moja. Nilimshitaki mbele ya majirani, nikamzuilia mshahara wake wa mwezi, nikampandisha gari arudi kwao Bwera. Baada ya siku tisa nilikuja kutambua kwamba hakuna hata kipande kimoja cha sabuni kilichoibwa nyumbani mwangu. Sabuni ililiwa na maji. Nayaandika haya, ingawa yananiaibisha, kwa kuwa natumaini yatawafaa akina mama wenzangu wanaofua nguo za askari, na pengine yatamwokoa binti wa mtu mwingine.

Mimi ni mke wa fundi wa magari jeshini. Mume wangu huwa kazini mbali, nami hukaa Kasese na watoto, na kwa miaka kadhaa sasa nina kazi yangu ya udobi. Wateja wangu wengi ni askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza. Wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa maana ya sare safi. Askari akisimama kwenye gwaride na shati lenye madoa, hakuna atakayemwuliza nani alilifua. Lawama ni yake. Kwa hiyo anayefua sare amekabidhiwa heshima ya mtu, wala si nguo peke yake.

Hapo mwanzo nilitumia maji ya mto na ya mvua. Lakini Mei 2020, mito inayoshuka kutoka milima ya Rwenzori ilipofurika, Nyamwamba hapa Kasese na Lhubiriha kule Bwera, tuliona maji yakibeba mawe, magogo na nyumba za watu. Hata hospitali ya Kilembe, iliyokuwa imekwisha pigwa na mafuriko ya Mei 2013, ilipigwa tena. Baada ya hapo sikutaka tena kuuegemeza ugali wa watoto wangu kwenye mto. Tulichimba kisima uani, tukaweka pampu.

Maji ya kisima yalikuwa mengi, meupe, tena hayana harufu. Ila yalikuwa magumu. Watoto wa shule wanalijua neno hilo: maji magumu ni maji yaliyoyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu. Maji ya mto ushukao mlimani hupita mbio juu ya miamba isiyoyeyuka upesi, nayo kwa kawaida huwa laini. Lakini maji ya kisima yamekaa ardhini muda mrefu, na ardhi yetu ya bondeni haikosi chokaa. Ushahidi si wa kutafuta mbali. Mawe ya chokaa ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Hima, kaskazini ya mji wetu, na upande wa kusini, huko Muhokya, watu wamechoma chokaa tangu zamani.

Ukifua kwa maji magumu, sabuni ya mche haitoi povu mpaka kwanza imalizane na madini hayo. Inaungana nayo, inakuwa utando mweupe unaoelea juu ya beseni, na utando huo hurudi katika nguo. Nguo nyeupe hugeuka rangi ya majivu, na kitambaa cha kijani hupata madoa ya unga na ukavu wa gunia.

Ndipo nikapata bahati. Nyumba moja ya wageni ilifungwa, vyombo vyake vikauzwa, nasi tukanunua mashine yao ya kulainisha maji. Kwa wasioijua, nitaieleza. Ni mtungi mrefu uliojaa punje ndogo za rangi ya asali, kama punje za ulezi. Maji ya kisima yakipita humo, punje zile huikamata kalsiamu na magnesiamu, na badala yake huachilia sodiamu, ambayo haigombani na sabuni. Baada ya muda punje hujaa, haziwezi tena kukamata kitu. Hapo mashine huvuta maji ya chumvi kutoka katika pipa lililo kando yake, yakaziosha punje na kuyasukuma yale madini nje, na kazi ikaanza upya. Juu ya mtungi pana saa inayoendeshwa na umeme. Yetu iliwekwa ijisafishe kila baada ya siku tatu, saa nane za usiku, wakati hakuna mtu anayetumia maji.

Kwa mwaka mzima mashine ilitutumikia vema. Ndipo nikamleta mpwa wangu kutoka Bwera. Alikuwa amemaliza darasa la saba, naye alitaka kujifunza ushoni. Tulipatana na baba yake kwamba afanye kazi kwangu kwa mwaka mmoja, na mshahara wake uwe karo yake ya cherehani. Alikuwa msichana mnyamavu, mwepesi wa mikono, na kila jioni aliandika katika daftari idadi ya nguo zilizoingia na zilizotoka.

Mwezi wa Agosti mambo yalianza kuharibika. Mche wa sabuni uliokuwa ukitutosha siku mbili ukawa unaisha kwa siku moja, kisha hata siku moja haimaliziki. Idadi ya nguo haikuongezeka. Mashati yakaanza kutoka na ukungu mweupe mabegani. Sajini mmoja wa polisi alirudisha suruali mbili, akasema kwa upole, "Mama, hizi umezifua au umezipaka unga?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Mpwa wangu aliniambia siku ile ile, "Shangazi, naona maji yamebadilika." Nilimjibu kwamba maji ni yale yale ya kisima kile kile, na asiyejua kucheza asisingizie uwanja. Nilitazama katika pipa nikaona chumvi imejaa karibu na ukingo. Hata nilifurahi, kwa kuwa kwa wiki nyingi sikuwa nimeongeza hata kibaba. Sikujiuliza swali ambalo mtoto mdogo angaliuliza: kama mashine inafanya kazi, mbona haili?

Mwishoni mwa Septemba jirani mmoja alianikwa nguo nyeupe zilizong'aa kuliko zangu. Nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Nikasema moyoni: sabuni yangu imehamia huko. Nilimwita msichana, nikamwuliza amewauzia nani sabuni. Alishangaa. Mshangao wake nikauita ujeuri; kilio chake nikakiita ungamo. Asubuhi alipanda gari kwenda kwao, bila mshahara, na daftari lake akaliacha juu ya meza.

Nilidhani sasa sabuni itadumu. Nikafua mwenyewe, nikaifungia sabuni sandukuni, ufunguo shingoni. Mche ukaisha siku ile ile. Ndugu msomaji, hata hapo sikuelewa. Nilisema ni sabuni za siku hizi.

Siku nne kabla ya tarehe 9 Oktoba, siku ya sherehe za Uhuru, ambapo nilikuwa na sare nyingi za gwaride, mume wangu akarudi likizo. Nilimsimulia yote. Hakusema neno juu ya binti. Aliuliza tu, "Umeikagua mashine?" Nikasema pipa limejaa. Akasema, "Gari likizimika, sitazami tangi la mafuta peke yake. Nafuata njia ya mafuta mpaka injini. Anza na lile lililo rahisi na lisilogharimu kitu, kisha songa mbele. Usirukie mwisho."

Alichukua chupa tatu za ukubwa mmoja. Ya kwanza alitia maji ya mvua, ya pili maji ya kisima yasiyopita katika mashine, ya tatu maji yaliyotoka katika mashine, kila moja nusu. Akatia katika kila chupa kipande cha sabuni ya mche kilicho sawa na ukucha, akazitikisa kwa kuhesabu hadi ishirini. Chupa ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni. Ya kisima ilitoa utando tu. Ya mashine ilifanana na ya kisima kama mapacha. Alitumia sabuni ya mche kwa makusudi, kwa maana sabuni za unga nyingi zimetengenezwa kutoa povu hata katika maji magumu, nazo humdanganya anayepima.

Nilikaa chini. Chupa ile ya tatu ilikuwa imenihukumu.

Akaendelea. Kwanza alitazama kitasa kinachoruhusu maji yapite pembeni bila kuingia katika mashine. Kilikuwa mahali pake. Pili alitazama saa ya mashine akailinganisha na yake ya mkononi. Ilikuwa nyuma kwa saa tano. Umeme ukikatika, saa ya namna hiyo husimama, na umeme ukirudi huendelea pale ilipoachia. Basi kila ilipoonyesha saa nane za usiku, kumbe nje ni saa moja asubuhi, nasi tumekwisha fungua mabomba ya kufulia. Na mashine ikiwa katika kujisafisha hupitisha maji ya kisima kama yalivyo.

Tatu alichukua mpini wa ufagio, akausukuma taratibu katika chumvi ya pipa. Ulishuka kiasi cha shubiri moja, ukagonga kitu kigumu kama ukoko wa sufuria. Akagonga tena, ukoko ukavunjika, na mpini ukazama mpaka chini bila kizuizi. Chini ya ukoko palikuwa pango tupu, na chini ya pango maji yasiyogusana na chumvi yoyote. Lile pipa lililonifurahisha kwa kujaa kwake lilikuwa limejaa juu tu. Mashine haikuwa na maji ya chumvi ya kuoshea punje zake.

Nne aliilazimisha mashine ijisafishe kwa mkono, tukatazama maji ya pipa. Ilipofika zamu ya kuvuta, maji hayakupungua hata kidogo. Alizima umeme, akafunga maji, akafungua kwa bisibisi sehemu ndogo yenye tundu jembamba ambalo kwalo chumvi huvutwa, pamoja na chujio lake. Vilikuwa vimezibwa na tope la rangi ya kijivu.

"Tope hili limetoka wapi?" akaniuliza. Nikanyamaza, maana nililijua. Lilikuwa tope la Katwe.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeacha kununua chumvi safi ya dukani, nikanunua kwa bei nafuu magunia mawili ya chumvi ya mawe kutoka ziwa la Katwe, nikajisifu kwa busara yangu. Sisemi hivi kuidharau Katwe. Ziwa lile limewalisha watu kwa karne nyingi; hadi leo watu wake huvunja mawe ya chumvi majini, na jua likiwa kali hukusanya chumvi katika vidimbwi. Chumvi hiyo ina kazi zake, na ng'ombe wa nchi hii wanaishukuru. Lakini maji ya ziwa hilo yamechanganyika: mna chumvi ya kawaida, mna magadi, na mna madini mengine, na chumvi ya mawe huja pamoja na tope. Wazee wanakumbuka kiwanda kikubwa kilichojengwa Katwe katika miaka ya 1970 ili kuisafisha chumvi hiyo. Mabomba yake yaliliwa na kutu, nacho hakikudumu. Kama mabomba ya kiwanda yalishindwa, tundu langu jembamba kama sindano lingaliweza nini? Tope liliziba chujio, unyevu ukagandisha ukoko, na kosa lote lilikuwa langu kwa mkono wangu mwenyewe.

Tengenezo lenyewe lilichukua muda wa mchana mmoja. Tuliivunja chumvi iliyoganda kwa mpini wa mti na maji ya vuguvugu. Chuma chenye ncha hakifai, kinaweza kutoboa pipa. Tulichota yote, tukasugua pipa. Tundu na chujio tuliviloweka katika siki na maji ya moto, tukavisafisha kwa mswaki laini, wala hatukuchokoa kwa sindano, kwa kuwa tundu likipanuka halivuti tena sawasawa. Tulitazama boya na mpira wa kunyonyea kama una ufa. Tukaweka chumvi safi, si zaidi ya theluthi mbili za pipa, tukasubiri saa kadhaa iyeyuke, tukarekebisha saa, tukaisafisha mashine mara mbili mfululizo. Maji ya kwanza tuliyamwaga mbali na migomba, maana chumvi huua mimea. Jioni tulitikisa chupa tena, na povu likafika shingoni.

Sare za Uhuru zilifuliwa usiku kucha, zikatoka safi. Lakini sikulala kwa sababu nyingine. Juu ya meza palikuwa na daftari la mpwa wangu. Nililifungua kwa mara ya kwanza. Mbali na idadi ya nguo, alikuwa ameandika sabuni ya kila siku, mche kwa mche, na pembeni ya siku moja ya Agosti aliandika maneno haya: "Maji hayatoi povu. Nimemwambia shangazi." Ushahidi wote ulikuwa nyumbani mwangu, kwa mwandiko wa mshitakiwa.

Siku iliyofuata nilipanda gari kwenda Bwera. Tulipita Muhokya, tukageuka Kikorongo kuelekea mpakani, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nilipofika nilimkuta kaka yangu uani. Alinipa kiti, akaniamkia kwa adabu baridi. Nilimwomba awaite mkewe na majirani wale waliomwona binti akishuka garini akilia, kwa kuwa nilimshitaki mbele ya watu, na haikufaa nimwombe radhi chumbani.

Nikaeleza yote: chupa tatu, ukoko, tope na daftari. Nikaweka mezani mshahara niliouzuia. Watu wa Bwera si watu wa kuichezea sabuni. Mwezi wa Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakatibiwa katika hospitali ya hapo hapo, kila nyumba ilijua kwamba sabuni na maji ni ngome. Kumwita mtoto wa Bwera mwizi wa sabuni si jambo dogo.

Msichana alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza swali moja tu. "Shangazi, mbona uliiamini mashine kuliko mimi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilisema tu, "Nilikosa, mwanangu." Kaka yangu alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba uamuzi ni wa binti mwenyewe. Naye hakurudi siku ile. Alikuja baada ya wiki mbili, kwa masharti yake: ufunguo wa chumvi na sabuni ukae kwake, na kila Jumatatu tutikise chupa pamoja. Nilikubali yote mawili. Alimaliza mwaka wake, akaenda kujifunza cherehani, na sasa ndiye anayenishonea vifungo na viraka vya sare za wateja.

Najua kwamba nyumba nyingi za kambini hazina mashine kama yangu. Hata hivyo maji magumu hayachagui. Ukiona ukoko mweupe ndani ya birika, utando juu ya beseni, nguo zinakauka kama ubao na sabuni inaisha upesi, tikisa chupa mbili, moja ya maji yako na moja ya maji ya mvua, kabla hujamtazama mtu kwa jicho baya. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia, maana hayana chokaa. Ukiwa huna, tia magadi ya kufulia kidogo katika maji ya ndoo, koroga, acha chokaa itue chini, kisha chota maji ya juu. Kuchemsha nako hupunguza ugumu wa aina moja, ile inayoacha ukoko katika birika. Maji yenye magadi ni ya nguo tu, si ya kunywa. Na wenye mashine wakumbuke kwamba kulainisha maji si kuua vijidudu: ya kunywa lazima yachemshwe kama kawaida. Tena mgonjwa wa shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi anywe maji yasiyopita katika mashine, kwa sababu ya sodiamu iliyoongezwa.

Fungua pipa lako la chumvi kila wiki. Likipungua, ongeza. Lisipopungua, ndipo uwe na wasiwasi. Na mtoto wa nyumba yako akikuambia kwamba maji yamebadilika, weka chini pasi yako, uende ukayatazame.